Kwara Alisema "Ariti"

Jumapili, Homa Bay. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikaacha, ikaanza tena, kama mtu asiyejua anachotaka. Siwezi kuilaumu. Leo mimi na mvua tuko hali moja.

Begi liko juu ya kitanda. Kanga, sabuni, kandambili, mswaki, kadi ya hospitali. Nimelipanga, nikalipangua, nikalipanga upya. Kesho asubuhi natakiwa hospitalini nikiwa sijala wala kunywa, wanipasue watoe uvimbe ulioota kwenye mji wa mimba. Daktari amenieleza kwa upole kwamba uvimbe wenyewe si wa kutisha. Cha kutisha ni damu ninayopoteza kila mwezi. Sikuhitaji kuambiwa, maana siku hizi nikiandika ubaoni kwa muda mrefu inabidi nishike ukuta. Ni upasuaji wa kawaida, anasema, wanawake wanafanyiwa kila wiki na kurudi kwao.

Sijaamua kama nitakwenda.

Nimeshaahirisha mara mbili. Mara ya kwanza nilisema nina mitihani ya kusahihisha, na ni kweli, mwalimu hakosi mitihani. Mara ya pili nilisema nina kifua. Nilikohoa kwenye simu ili muuguzi aniamini. Mwanamke mzima, mwalimu wa Kiswahili, nakohoa kwenye simu!

Sababu ya kweli sijamwambia mtu. Naiandika hapa nikitumaini kwamba nikiiona imekaa mbele yangu kwa herufi itaonekana ni upuuzi.

Babu yangu ananingoja.

Na babu yangu tulimzika mwanzoni mwa mwaka huu, kule Uriri, Migori.

Haya, nimeandika. Haijaonekana upuuzi. Imezidi kutisha.

Nieleze kidogo, maana atakayesoma atashangaa mtu mwenye jina la Zuhura kumwita babu yake Kwara. Baba yangu ni mtu wa pwani aliyekuja Migori mjini kuuza vitambaa, akamwona mama, binti wa mwanajeshi mstaafu, akasahau njia ya kurudi kwao. Nyuma ya duka letu tuliongea Kiswahili. Dholuo, lugha ya upande wa mama, nilikiokota shuleni, sokoni, na wakati wa likizo kwa babu, na mpaka leo changu ni cha kuokota. Kwara ni "babu yangu", Dana ni "bibi yangu", hayo nayajua tangu utotoni. Najua kupatana bei ya samaki, kuomba radhi, na kutukana kidogo. Wanafunzi wangu hapa Homa Bay nikijaribu kusema Dholuo huinamisha vichwa kwenye madawati, mabega yakitikisika.

Kwara na mimi tuliongea Kiswahili, lakini si hiki ninachokiandika. Chake kilikuwa cha kambini. Baba akikisikia alikuwa akifumba macho, ngeli zinavyovunjwa bila huruma. Kwara aliliona hilo na likamfurahisha. "Kiswahili ya baba yako ni ya kula halua," aliniambia. "Yangu mimi ni ya kubaki hai." Kiswahili kilikuwa lugha yake ya amri, ya simu na ya kukagua kama tumenawa miguu. Dholuo alikiweka kwa mambo ya moyoni. Kwangu alikitumia mara chache sana, na kila alipokitumia nilinyamaza nikijua kuna jambo.

Sasa ile simu.

Nilikuwa nimetoka kwa daktari siku hiyo nikiwa na karatasi ya majibu ndani ya mkoba. Sikumpigia mama, kwa sababu mama anamuuguza baba aliyepooza upande mmoja, na sikutaka kumwongezea mzigo. Nilimpigia Kwara, ambaye mwenyewe alikuwa kitandani na kifua chake. Akapokea kama alivyopokea siku zote. "Toa ripoti!" Nikatoa. Uvimbe, damu, kisu. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikamalizia kwa kusema naogopa, Kwara, naogopa sana.

Nilisikia kuku wa Dana wakilia nyuma yake. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo si ya kambini, "Kik iluor. Ariti."

Usiogope. Nakungoja.

Kwa kawaida alimaliza simu kwa kusema "Ova", kama wanajeshi kwenye redio, kwa kelele, hata kama ulikuwa hujamaliza unachosema. Siku hiyo hakusema ova. Simu ikakatika. Nilifikiri anangoja niende Uriri nikamweleze vizuri ana kwa ana, nikapanga kwenda mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki nilikwenda, kwenye maombolezo yake.

Basi tangu siku ile neno lile limebadilika kichwani mwangu. Mtu aliye hai akikwambia nakungoja, unaharakisha chai. Mtu aliyekufa akikwambia nakungoja, uende wapi? Kila daktari akitaja dawa ya usingizi mimi naona mlango, na upande wa pili wa mlango namwona Kwara na koti lake la jeshi, amesimama ananingoja. Nilimpenda kuliko watu wengi walio hai. Lakini siko tayari kumfuata. Nina miaka thelathini na minne tu na sijaona kitu.

Mvua imeanza tena. Paa la bati halinisaidii kufikiri.

Nimekaa leo nikimkumbuka, na ajabu ni kwamba namkumbuka akiwa amesimama. Sina kumbukumbu nyingi za Kwara ameketi.

Alikuwa mwanajeshi ujana wake wote, akastaafu nywele zikiwa zimeanza kugeuka. Kijijini walimwita Afande mpaka siku ya kuzikwa. Sisi wajukuu tulitaka hadithi za vita. Tulimzunguka jikoni, tukamuuliza alipigana na nani, alitupa mabomu mangapi. Alitwambia kwamba kule kaskazini kwenye ukame alilinda maji. Kulikuwa na kisima na tangi, wenzake wakienda doria yeye alibaki na bunduki kando ya tangi, upepo na mchanga vikimpiga usoni.

"Halafu?" tukauliza.

"Nilisimama."

"Halafu?"

"Nilisimama."

Binamu yangu mmoja aliondoka akaenda kucheza mpira. Hata mimi nilihisi nimepunjwa. Mtoto mwenzangu shuleni babu yake alikuwa dereva wa lori na alikuwa na hadithi kuliko mwanajeshi wangu.

Kuna kisa kimoja tu alichokianza, mara moja, tukichambua maharagwe. Alisema siku moja yule wa zamu iliyotangulia yake alisinzia. Akachambua maharagwe mengine. Halafu akainuka akaenda kukagua lango la boma, mchana kweupe, ng'ombe wakiwa malishoni na watu wote wakiwa nyumbani. Hakumaliza kisa hicho, na Dana alitutazama kwa jicho lililotuambia tusiulize.

Kila jioni alikagua kufuli. Alifika mlangoni, akashika, akavuta, akaenda hatua chache, akarudi, akavuta tena. Hakuketi hata siku moja akiupa mlango mgongo, hata kanisani. Blanketi lake alilikunja pembe kwa pembe hata ungeweza kuliwekea rula. Sisi tulimcheka na kumwigiza. Sasa mimi ni mtu mzima, nafunga mlango, naenda mpaka barabarani, narudi kuangalia kama nimefunga, nafika tena barabarani na kukumbuka jiko la gesi. Watu wanasema sura nimechukua ya Dana. Hofu nimechukua ya Kwara. Tofauti yetu ni kwamba yeye hofu yake aliipa kazi. Yangu inakaa tu hapa ndani, inakula bure.

Na lile lango. Lilikuwa la magogo, la kuvuta kwa kamba, katikati ya ua wa miti. Likizo ikifika, mama alituacha barabarani tukakimbia na mabegi yetu, na kabla hujaligusa gogo unasikia sauti kutoka ndani: "Simama! Nani huyo?"

Ulitakiwa kusimama kweli, miguu pamoja. Ulitakiwa kujibu, "Rafiki!" Naye anakuja polepole, anakutazama kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, kana kwamba hajawahi kukuona. Halafu, "Pita, rafiki." Ukishapita ndipo unakuwa mjukuu, unanyanyuliwa juu, unapewa muwa. Ukisahau kujibu hupiti. Baba yangu, mkwe mzima, alikataa siku moja kusema rafiki, akisema hayo ni mambo ya watoto. Alibaki nje na kilo yake ya sukari mpaka Dana alipokuja kumwokoa.

Siku ya mazishi vijana walikimbiza ng'ombe tangu asubuhi, wakipiga kelele na kupunga matawi, ndivyo Waluo wanavyokifukuza kifo mzee wa boma anapoondoka. Nilisimama kando nikitamani wakifukuze mbali zaidi, wakivushe mpaka Tanzania. Mchana, jeneza likiwa limeshateremshwa, alikuja mzee mmoja Mkuria kutoka upande wa Kehancha, kofia ya jeshi kichwani, fimbo mkononi. Alikuwa jeshini pamoja na Kwara. Hakutoa hotuba. Alisogea mpaka ukingoni mwa kaburi, akaiacha fimbo ianguke, akaweka miguu pamoja na kupaza sauti iliyonitoa roho:

"Simama! Nani huyo?"

Watu wote waligeuka. Hata mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza. Yule mzee akangoja kama vile anatarajia jibu. Kisha akajibu mwenyewe, taratibu, kwa niaba ya mwenzake.

"Rafiki."

Akapiga saluti. "Pita, rafiki."

Nililia mpaka Dana akanishika mkono. Lakini niseme kweli, sikulia kwa huzuni peke yake. Nilijua sasa kwamba Kwara amepita. Yuko ng'ambo ya lango. Na mtu wa mwisho aliyeambiwa anangojwa ni mimi.

Ndiyo maana nilikohoa kwenye simu.

Narudi kuandika jioni. Saa ya chakula cha mchana, chakula ambacho nilikitazama tu, nikasikia hodi. Nikafungua. Dana! Amelowa, amevaa koti la Kwara, lile zito la jeshi la rangi ya majani makavu, linalomfika karibu na vifundo vya miguu. Tangu msiba amekuwa akilivaa kama wafanyavyo wajane wa kale, na mtu akimwambia jua ni kali anasema jua halimhusu. Ametoka Uriri peke yake. Mama, ambaye nilimweleza baada ya mazishi, ndiye aliyemwambia kwamba nimeahirisha tena.

Aliingia, akaliona begi, akaniona mimi, akakaa.

"Haya," akasema. "Nani amekukataza?"

Nikasema hakuna aliyenikataza. Nikasema kazi ni nyingi. Nikasema kifua. Dana akanitazama tu, akifungua vifungo vya koti kimoja kimoja. Mtu aliyeishi na mlinzi maisha yake yote hadanganyiki kirahisi. Mwishowe nilishindwa. Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake nikamwambia yote: ile simu, lile neno, ule mlango ninaouona nikifumba macho.

"Alisema nini hasa?"

"Alisema, 'Kik iluor. Ariti.'"

"Eeh. Sasa?"

"Sasa ananingoja, Dana! Amekufa na ananingoja!"

Dana alijiinamia. Nilidhani naye ameogopa. Kumbe kicheko kilikuwa kinapanda polepole kutoka tumboni. Alicheka mpaka akashika mbavu, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka.

"Wewe ni mwalimu ya Kiswahili ama ni mwalimu ya ujinga?"

Nikamwokotea kitambaa.

"Rito ni kungoja, ndio," akasema akijifuta macho. "Ukiwa stendi unaambia mtu rita, ningoje. Hiyo umejua. Lakini mtoto mdogo pia unamrito, asiingie kwa moto. Nyumba unarito. Ile askari ya benki, sisi tunaitaje? Jarit. Sasa hiyo jarit anangoja benki iende wapi?"

Akanigonga bega kwa kidole.

"Na jioni ukienda kwako, tunakuambia oriti. Unafikiri tunakuambia nini? Mungu anakungoja? Kila siku, kila mtu, hata mama ya mboga? Basi sisi wote tungekuwa wachawi!"

Oriti. Kwaheri. Nimelisema neno hilo kila siku tangu nikiwa mtoto. Nimewaambia wanafunzi, majirani, mwenye duka. Sijawahi hata siku moja kulifungua ndani nione kuna nini. Mungu na akulinde. Mimi ambaye hula mshahara kwa kuchambua viambishi na mizizi, nilikuwa na neno mdomoni miaka yote hiyo, mzizi wake ni uleule, na sikuuona. Nyani haoni kundule.

"Alikuwa anakuambia anakulinda, nyakwara," Dana akasema. Nyakwara ni mjukuu wangu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mzee yangu hakuwa na maneno mingi. Hiyo ndiyo ilikuwa neno yake kubwa. Mimi mwenyewe aliniambia hiyo neno mara moja tu, siku alienda kaskazini." Akaacha kucheka, akalia kidogo, akaufuta uso wake kwa mkono wa koti. Nilimshika miguu. Tulikaa hivyo mvua ikipiga bati.

Furaha niliyoisikia! Nilitaka kutoka nje niwaambie watu. Nilimchemshia Dana chai, nikamwekea na mandazi, nikaanza hata kuimba, nikakosa maneno, nikaendelea kwa kuguna. Nimeumwa na neno miezi yote hii, na dawa yake ilikuwa Uriri inalisha kuku.

Lakini mimi ni mimi.

Chai haijapoa, hofu ikarudi na mwenzake, shaka.

Maana Dana hakuwa kwenye simu ile. Nilikuwa mimi. Neno lina maana mbili, na huwezi kuitupa moja kwa sababu tu haikupendezi. Kila mwaka nawafundisha kidato cha kwanza neno kaa. Kaa ni mnyama wa majini, kaa la moto, kaa kitako. Nawaambia neno halichagui maana kwa kumhurumia msikilizaji. Mtoto mmoja daima huuliza, "Sasa mwalimu, tutajuaje?" Nami hujibu kwa majivuno, "Muktadha! Tazama muktadha!"

Haya, mwalimu. Tazama muktadha.

Muktadha wa Kwara ni upi?

Nimekaa dirishani nikifikiri hilo tangu Dana alipojilaza. Ziwa limefunikwa na mvua, kilima cha Asego hakionekani hata kilele. Nikakumbuka jambo ambalo sikuwa nimelikumbuka kwa muda mrefu.

Nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni, si mbali sana na Uriri. Sikuweza kulala kule. Kila mlango uliobamizwa uliniamsha, na wasichana wakubwa walikuwa wakinicheka. Siku moja nilishindwa. Nilipenya kwenye ua wa shule nikiwa na sanduku langu la bati na kutembea kwa njia za mashambani, katikati ya miwa, mpaka kwa Kwara. Nilijua nikifika tu kila kitu kitakuwa sawa. Nililiona lile lango la magogo nikaanza kukimbia, sanduku likinigonga mguu.

"Simama! Nani huyo?"

"Rafiki!" nikasema huku nalia.

Akaja. Akanitazama kuanzia nywele mpaka vidole. Akalitazama sanduku. Sikuwahi kumwona akichukua muda mrefu vile.

"Una ruhusa?"

"Sina, Kwara."

Nilidhani atavuta kamba. Nilidhani atasema pita, rafiki, halafu muwa, halafu Dana. Niliona hata moshi wa jikoni kwa Dana.

"Nyuma geuka," akasema.

Sikuamini. Akarudia, si kwa ukali, "Nyuma geuka, Zuhura. Siku yako ya kuja haijafika." Nikageuka. Kisha nikasikia gogo likivutwa nyuma yangu, naye akatoka, amevaa koti lile lile, akalitwaa sanduku akajitwika kichwani. Tulitembea njia yote mimi nikilia na kumchukia. Sikumwambia neno, naye hakuniambia neno. Shuleni alimweleza mwalimu wa zamu mambo ambayo sikuyasikia, nikapokewa bila adhabu. Nilikwenda bwenini bila kumuaga.

Nilipofika mlangoni pa bweni niligeuka. Alikuwa bado pale, nje ya geti la shule, miguu pamoja, mikono imenyooka ubavuni. Nikaingia. Nikachungulia dirishani. Bado yupo. Wasichana wengine wakaja kuchungulia, wakauliza ni askari gani yule. Nikasema ni babu yangu. Hakuna aliyenicheka tena baada ya siku hiyo, na usiku ule nililala.

Alikuwa akiningoja au akinilinda?

Angalia nilivyo mpumbavu. Nimekuwa nikihangaika na maana mbili kana kwamba ni watu wawili. Kwa Kwara ilikuwa kazi moja. Alisimama langoni. Hata Kiswahili kinajua hilo, maana bawabu tunamwita mngoja mlango, na hakuna aliyewahi kuogopa kwamba anamngoja mtu afe.

Basi nichukue ile maana mbaya, ile inayonitisha. Tuseme Dana amekosea. Tuseme kweli kuna lango, na Kwara yuko pale ananingoja. Mbona sikuwahi kujiuliza amesimama pale kufanya nini? Namjua mtu yule. Alimwacha mkwewe nje na kilo ya sukari. Alinirudisha mimi, mjukuu wake, nikiwa nalia, moshi wa jikoni ukiwa unaonekana. Kama kuna mtu mmoja duniani au ahera asiyeweza kuniruhusu nipite kabla ya siku yangu, ni yeye.

Bado naogopa. Nisijidanganye. Nimefuta sentensi hii mara kadhaa. Lakini nimempigia muuguzi simu nikamwambia nitafika, na sikukohoa.

Dana amelala kwenye kitanda changu anakoroma. Kabla ya kulala alilichukua begi kitandani bila kuniuliza na kuliweka mlangoni. Amesema kesho atanifunika lile koti nikiwa nangoja kuitwa. Nimemwambia hospitali haitakubali koti lenye harufu ya zizi. Amesema wajaribu kumnyang'anya waone.

Kesho basi. Dawa ya usingizi itanichukua, na nikiliona lango sitakimbia. Nitasimama, miguu pamoja. Nitasikia, "Simama! Nani huyo?" Nitajibu, "Rafiki." Atakuja polepole, atanitazama kuanzia nywele mpaka vidole, ataniuliza kama nina ruhusa.

Sina, Kwara.

"Nyuma geuka."

Na safari hii nitamuaga.